Gari Linapiga Stata Lakini Haliwaki: Somo kwa Wenye Magari wa Mlimani

Na Kitengo cha Mawasiliano Serikalini

Sisi tunaoishi juu ya barabara kuu ya Moshi kwenda Himo tuna mazoea ya kulaza gari likiwa limeelekeza uso bondeni. Tuliyarithi kwa wazazi wetu, tangu enzi za magari yenye betri zilizochoka. Asubuhi stata ikigoma, mwenye gari aliachia breki ya mkono, gari likaserereka hatua ishirini, akaachia klachi na injini ikaitika. Hadi leo, ukipita Kibosho, Uru, Kilema au Mwika wakati wa alfajiri, utaona magari yamepangwa kando ya njia, yote yakitazama mji.

Somo la toleo hili linahusu tatizo ambalo mazoea hayo hayalitibu, na wakati mwingine ndiyo yanayolizaa. Unageuza ufunguo, stata inazungusha injini vizuri, unaisikia ikizunguka, lakini injini haishiki. Kwa lugha ya mtaani, gari linakula stata lakini haliwaki. Kwa mwenye gari la kwenda sokoni hiyo ni adha ya asubuhi. Kwa kaya iliyo kilomita kumi juu ya hospitali, usiku, kwenye njia ya udongo uliolowa, ni jambo kubwa zaidi, nami naomba nianze na la kwangu.

Ilikuwa mwezi Julai, saa nane za usiku, nyumbani Kirua Vunjo. Mama yangu alibanwa na pumu, kama inavyomtokea miezi ya baridi, lakini safari hii dawa ya kuvuta haikumsaidia. Nilikuwa na gari dogo la petroli, la gia za mkono, lenye umri unaozidi miaka ishirini, nami nilijivunia kwamba halijawahi kuniangusha. Nikageuza ufunguo. Stata ikazunguka kwa nguvu, injini isiitike. Nikarudia mara sita, saba. Vijana wa jirani wakaja na tochi, wakasema tuliachie mteremko. Tukaliachia. Injini haikuwaka, breki zikawa ngumu kama ubao baada ya kuzikanyaga mara mbili, usukani ukawa mzito, na gari likaishia ndani ya uzio wa masale wa mzee jirani. Wasomaji wanajua kwamba sale ndilo jani tunaloliomba nalo msamaha, na kulipopambazuka ilinibidi nilitumie kwa kazi hiyo hiyo. Mama alifikishwa hospitali kwa kirikuu cha mtu mwingine, dakika hamsini baadaye. Alipona. Dakika hizo sijazisahau.

Kesho yake gari lilivutwa hadi gereji moja mjini. Fundi alisikiliza kidogo, akasema pampu ya mafuta imekufa. Ikanunuliwa nyingine, akaweka na lita kumi za petroli ili kujaribu, gari likawaka mara moja. Nililipa shilingi 180,000 bila ufundi, nikashukuru. Wiki tatu baadaye, mahali pale pale, alfajiri, gari likala tena stata bila kuwaka.

Safari ya pili nilimwita fundi mzee wa kijijini, ambaye zana zake zote zinaenea kwenye mfuko wa sulufeti. Hakufungua boneti. Aliuliza maswali.

"Gari lililala hapa hapa?"

"Ndiyo, mzee."

"Uso ukiwa huku chini, kama lilivyo sasa?"

"Ndiyo."

"Geji ya mafuta inasema nini?"

"Robo tenki."

"Na juzi ilisema nini? Na wiki iliyopita?"

Nikajikuta sina jibu, maana nilipofikiri, geji ile ilikuwa imesema robo kwa muda mrefu kuliko ilivyopaswa. Mzee akamimina lita tano kutoka kwenye dumu, akaniambia nifungue na kufunga ufunguo mara tatu, nikisubiri kidogo kila mara, kisha nipige stata. Injini ikawaka. "Mwanangu," akasema, "hili gari lilikuwa linakula stata vizuri. Mteremko ungeliongezea nini?"

Boya la geji lilikuwa limekwama ndani ya tenki. Mafuta yalikuwa yamebaki kidogo sana, na kwa kuwa gari lililala limeinama, kidogo hicho kilikimbilia upande wa chini wa tenki, mdomo wa pampu ukabaki ukifyonza hewa. Kule gereji gari lilisimama kwenye sakafu iliyo sawa, tena liliongezewa lita kumi. Lingewaka hata kwa pampu ile ya zamani. Sisemi fundi yule alinidanganya, aliamini alichokiona. Alibadilisha vitu viwili kwa wakati mmoja, akakipa sifa kile chenye bei kubwa.

Stata inakuambia nini

Kusukuma gari, au kuliachia mteremko, hufanya kazi moja tu: huzungusha injini badala ya stata. Ikiwa stata inaizungusha tayari kwa kasi ya kawaida, hakuna kilichobaki kwa mteremko kufanya. Gari lenye gia za automatiki halitawaka kabisa kwa njia hiyo, hata likiserereka kutoka Marangu hadi Himo. Tena injini ikiwa haifanyi kazi, kifaa kinachosaidia breki, ambacho mafundi hukiita busta, hubaki na akiba ya kukanyaga mara mbili au tatu tu, na usukani wa pawa hauna pawa. Ukichomoa ufunguo katika taharuki, usukani waweza kujifunga. Nimeyaona haya kwa macho yangu, gizani.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kutulia na kusikiliza. Stata ina sauti tatu zinazofaa kujulikana.

Ikiwa inazunguka polepole, kwa kujivuta, taa za dashibodi zikififia, tatizo huenda bado ni betri. Wengi hudhani kwamba maadamu stata inazunguka, betri ni nzima. Sivyo kila mara. Stata hunywa umeme mwingi mno, na betri dhaifu ikishaipatia stata chakula chake, hubakiwa na umeme usiotosha kutoa cheche wala kuendesha kompyuta ya injini. Mwenye mita ya umeme anaweza kupima mwenyewe. Betri nzima iliyopumzika husoma karibu volti 12.6. Ikishuka chini ya volti 9.6 wakati stata inazunguka, basi betri imechoka, au vichwa vyake vimelegea au vimeota ule unga wa kijani na mweupe. Kabla ya kununua betri mpya, visafishe vichwa, uvikaze, ujaribu tena. Hapa, na hapa tu, mteremko ule wa wazee wetu una msaada, kwa gari la gia za mkono.

Sauti ya pili ni ya injini inayozunguka haraka kuliko kawaida, laini, bila ule mdundo wa kupanda na kushuka, mfano wa mashine ya kusaga inayozunguka bila mahindi. Ukiisikia hiyo, acha ufunguo. Yaweza kuwa mkanda wa taiming umekatika au umeruka meno, kwa hiyo valvu hazifungi na injini haina mgandamizo. Katika injini nyingi, zikiwamo za dizeli za Land Cruiser zinazotumika sana vijijini, kuendelea kupiga stata katika hali hiyo hugonganisha pistoni na valvu, na matengenezo ya mkanda hugeuka matengenezo ya injini nzima. Mikanda mingi ya aina hiyo hubadilishwa kila kilomita 100,000 au karibu na hapo. Ukinunua gari lililokwisha tumika na hujui mkanda wake ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haujabadilishwa.

Sauti ya tatu ni ya kawaida: kasi ni ile ile ya kila siku, mdundo ni ule ule, ila haliwaki. Hapo betri, stata na kwa sehemu kubwa mgandamizo vimeshajitetea. Kimekosekana kimojawapo kati ya mafuta na cheche, au kuna kitu kinachovizuia kwa makusudi.

Kabla ya kuendelea, niwaondoe wasomaji katika dhana moja. Hewa nyepesi ya mlimani husingiziwa mno. Ni kweli hupungua kadiri tunavyopanda, na injini hupoteza nguvu kiasi, lakini magari hufika hadi nyanda za Shira, zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, na huwaka. Gari likigoma Marangu au Uru, tafuta sababu ndani ya gari.

Kioo cha dashibodi

Fungua ufunguo bila kupiga stata, utazame. Taa ya injini, ile ya rangi ya njano yenye umbo la injini, inapaswa kuwaka. Isipowaka kabisa, huenda kompyuta ya injini haipati umeme. Kwa magari mengi ya Toyota, fungua kisanduku cha fyuzi kilicho chini ya boneti, utafute fyuzi iliyoandikwa EFI. Fyuzi iliyoungua huonesha uzi wake umekatika. Ibadilishe kwa nyingine yenye ampea zile zile. Usiweke waya wala karatasi ya sigara. Fyuzi iliungua kwa sababu, na waya huo utakapokataa kuungua, kitaungua kitu kingine. Ikiungua tena mara moja, mwite fundi wa umeme wa magari.

Tazama pia kama kuna taa yenye picha ya ufunguo au kufuli inayometa. Hiyo ni imobilaiza, kifaa kinachozuia gari kuwashwa na ufunguo usiotambuliwa. Jaribu ufunguo wa pili kama upo. Ikiwa gari ni la kubonyeza kitufe, jaribu kuisogeza rimoti hadi iguse kitufe chenyewe, maana betri yake ndogo huisha pasipo kuaga.

Kuna na vizuizi tunavyoviweka wenyewe. Wengi wamefunga swichi ya siri ya kukata umeme wa pampu ili kukomesha wezi, kisha gari linaazimwa ndugu ambaye hakuambiwa. Vilevile baadhi ya vifaa vya kufuatilia gari, hasa kwa magari ya mkopo, vina uwezo wa kukata pampu au umeme wa kuwashia, na vikiharibika hukata vyenyewe. Na baadhi ya Land Rover zina swichi inayokata mafuta gari likipata mshtuko mkubwa. Barabara zetu za mawe zinatosha kuiamsha, na dawa yake ni kuibonyeza tu irudi. Ukiazima gari, uliza haya mchana.

Mafuta

Swali la kwanza ni lile la fundi mzee: yamo? Geji si shahidi wa kutegemewa katika gari kuukuu. Njia ya uhakika ni kurudisha sifuri kihesabu cha kilomita kila unapojaza, ukajua gari lako huenda kilomita ngapi kwa tenki. Najua tabia ya kungoja Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA watangaze bei kikomo mpya, tenki likiwa linalia njaa. Kwa gari linalolala mteremkoni, kungoja huko ni hatari. Likiwa limegoma na unashuku mafuta yamepungua, ongeza lita tano au lisogezwe mahali palipo sawa kabla ya kuhukumu pampu.

Swali la pili ni kama yanafika kwenye injini. Mafundi wengi hutuambia tufungue ufunguo na kutega sikio karibu na kiti cha nyuma, tusikie pampu ikivuma kwa sekunde mbili. Kwa magari mengi kipimo hicho ni sahihi. Lakini Toyota nyingi za miaka iliyopita, yaani sehemu kubwa ya magari yetu, haziendeshi pampu mpaka injini izunguke. Ukifungua ufunguo tu na kusikia kimya, hujathibitisha lolote. Mtu mmoja apige stata, mwingine ategee sikio kwenye mdomo wa tenki uliofunguliwa. Asiwe na sigara, wala asiangazie kwa kibatari. Nashawishika kuamini kwamba pampu nyingi zisizo na kosa zimetupwa katika mji huu kwa kipimo hicho kimoja kilichosomwa vibaya.

Pampu ikiwa kimya hata stata inapozunguka, bado usiinunue nyingine. Hupata umeme kupitia fyuzi na rilei, na rilei ni kitu cha bei ndogo. Mara nyingi kisanduku kile kile kina rilei nyingine inayofanana kabisa, kama ya honi, yenye namba ile ile ubavuni. Badilishaneni nafasi. Gari likiwaka na honi ikanyamaza, umempata mkosaji bila kufungua tenki.

Swali la tatu ni kama yaliyomo ni mafuta kweli. Petroli inayouzwa kwenye chupa za maji kando ya njia huokoa bodaboda nyingi, lakini chupa hizo huoshwa na hazikauki vizuri, na maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini ya tenki, hapo hapo pampu inapofyonza. Gari likigoma muda mfupi baada ya kujaza mahali usipopazoea, chukua kiasi kidogo kwenye chupa safi ya kioo, uache kitulie. Maji yatajitenga chini. Na ikiwa mhudumu amekosea akaweka petroli kwenye gari la dizeli, usiwashe kabisa, hata kwa kujaribu. Tenki limwagwe kwanza.

Cheche, ukungu na panya

Gari la petroli lenye mafuta lakini halina cheche halitoi hata kikohozi. Huku kwetu adui wa kwanza wa cheche ni unyevu. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, na tena ukungu wa Juni na Julai unapolala juu ya migomba hadi saa nne, magari ya zamani yenye distributa na waya ndefu za plagi hugoma, kisha jua likitoka huwaka yenyewe kana kwamba hapakuwa na neno. Gizani unaweza kuliona kosa kwa macho. Fungua boneti, mwenzako apige stata, usimame kando bila kugusa kitu. Ukiona vicheche vya buluu vikitambaa juu ya waya, umeme unavuja badala ya kufika kwenye plagi. Zima, futa waya kwa kitambaa kikavu, fungua kifuniko cha distributa ukifute ndani, ujaribu tena. Waya zilizopasuka zibadilishwe zote pamoja. Waosha magari nao waelezwe kwamba injini haioshwi kwa bomba la presha.

Magari ya karibuni hayana waya hizo. Kila plagi ina koili yake, na ni nadra koili zote kufa usiku mmoja. Zikikosa cheche zote kwa pamoja, fundi atashuku sensa ya krenki, inayoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka. Katika magari mengi dalili yake huonekana kwenye dashibodi: stata ikizunguka, mshale wa mizunguko hautikisiki hata kidogo. Sensa hiyo ina desturi ya kufa injini ikiwa moto na kufufuka ikipoa, kwa hiyo mwambie fundi kama gari hugoma asubuhi au baada ya safari.

Halafu panya. Kihamba ni makazi mema ya panya kama yalivyo ya watu, na boneti yenye joto, jirani na ghala la mahindi, ni nyumba ya bure. Hutafuna waya za sensa na za nozo. Ukikuta mabua, maganda au kinyesi juu ya injini, tazama waya kabla ya jambo lingine.

Kupima cheche kwa kuchomoa plagi na kuishika karibu na chuma ni kazi ya fundi. Umeme ule hupita volti 20,000, na pale penye mvuke wa petroli cheche moja inatosha kuteketeza gari. Usimruhusu mtu yeyote amimine petroli kwenye njia ya hewa ili "kuliamsha". Moto ukitokea, watu waondoke kwanza, kisha pigeni 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Lipo pia kosa tunalolifanya kwa papara. Baada ya kupiga stata mara nyingi, plagi hulowa petroli na haziwezi tena kuwasha, hata sababu ya kwanza ikiwa imeondoka. Utasikia harufu ya petroli. Subiri dakika kumi, kisha kanyaga mafuta hadi mwisho, ushikilie hapo, upige stata. Kompyuta za magari mengi huielewa ishara hiyo, zikafunga nozo na kuiacha hewa ikaushe silinda. Injini ikianza kushika, achia taratibu. Kila mara usizidishe sekunde kumi za stata, na uipumzishe walau nusu dakika.

Dizeli

Dizeli haina cheche. Hewa hubanwa hadi ipate moto, mafuta yakipulizwa ndani yanawaka yenyewe. Kwa hiyo ukaguzi wake una njia yake, na shahidi mkuu ni moshi. Si mji wetu, ule wa ekzosi. Mtu asimame nyuma wakati stata inazunguka. Moshi mweupe ukitoka, mafuta yanafika ila hayawaki, mara nyingi kwa sababu ya baridi: plagi za kupashia joto zimekufa, au dereva hakungoja taa yake ya dashibodi izimike kabla ya kupiga stata. Asubuhi za Julai, juu ya mita 1,500, kungoja huko si hiari.

Moshi usipotoka kabisa, mafuta hayafiki. Kwenye Land Cruiser za zamani, fungua ufunguo huku mwenzako akitega sikio kwenye pampu ya injini. Pasikike mlio mmoja mdogo, "tik", wa kizibo cha umeme kinachofungua mafuta. Usiposikika, angalia waya wake mmoja. Huchomoka au huliwa na kutu, na nimeona gari likilala siku nzima kwa ajili ya waya huo. Mlio ukiwapo, shuku hewa kwenye mipira, hasa kama mafuta yaliwahi kuisha au filta imebadilishwa karibuni. Juu ya filta kuna pampu ya mkono: ibonyeze hadi iwe ngumu, kisha ujaribu. Chini ya filta kuna kizibo cha kumwagia maji. Kifunguliwe kila mwezi wakati wa masika.

Usipulizie dawa ya kuwashia kwenye dizeli yenye plagi za joto. Hulipuka kabla ya wakati wake na yaweza kuvunja pistoni.

Kwa wanaobeba wagonjwa

Mfumo wa M-Mama, kwa namba 115 isiyo na malipo, huwasafirisha wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga wanapopata dharura. Gari la wagonjwa likiwa mbali, huitwa dereva wa jamii aliyesajiliwa, mwenye gari la kawaida kama langu na lako. Kwa madereva hao, na kwa wanaokodishwa na majirani usiku, tunaomba mambo machache yawe desturi ya kila jioni: tenki lisishuke chini ya nusu, gari lilale mahali palipo sawa kadiri inavyowezekana, rilei moja na fyuzi chache za akiba ziwe ndani ya gari, na namba ya dereva wa pili iwe imeandikwa. Gari likila stata bila kuwaka kwa dakika tano, mpigie dereva huyo kwanza, ndipo uendelee na ukaguzi. Mama yangu angeokoa dakika arobaini kwa utaratibu huo.

Madereva wa magari ya umma wasifungue chochote zaidi ya fyuzi. Matengenezo ya magari hayo yana utaratibu wake kupitia TEMESA. Lakini waandike dalili katika kitabu cha gari, kwa maneno kamili. "Gari bovu" haimsaidii fundi.

Ukimpigia fundi, mpe yafuatayo kabla hajauliza: stata inazunguka kwa kasi gani, taa ya injini inawaka au la, mara ya mwisho ulijaza lini na wapi, gari lililala limeinama upande gani, lilinyeshewa au kuoshwa, liligoma likiwa baridi au moto, na kitu gani kilibadilishwa karibuni. Mwombe naye ajaribu jambo moja kwa wakati, na akutajie kipimo kilichomwonesha kwamba kifaa fulani kimekufa kabla hujakinunua. Fundi mwema hachukizwi na swali hilo. Vijana wanaotaka kuijifunza kazi hii kwa misingi yake wanaweza kuulizia mafunzo ya ufundi wa magari katika chuo cha VETA Moshi.

Boya langu sijalibadilisha hadi leo. Nimebandika karatasi juu ya geji, nahesabu kilomita. Gari hulala uani, kwenye kipande pekee cha ardhi iliyo sawa tulichonacho, na mbuzi wa mama wamehamishiwa mteremkoni.